Miamba Aliyoikataa Mama

Nianze kwa kukiri: nilifundisha bahari miaka ishirini na miwili kabla sijaiona. Shule yetu iko Salama, kando ya barabara kuu ya Mombasa, na malori ya kutoka bandarini hupita nje ya dirisha mchana kutwa. Kila mwaka nilishika chaki nikachora genge, nikachora pango, nikachora tao la mwamba lililotobolewa na mawimbi. Watoto ambao hawajawahi kuona maji yakizidi magoti walinakili kila kitu kwa uaminifu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, "Mwalimu, wewe umeiona?" Namshukuru Mungu, maana ningedanganya.

Mazoezi ya kuchora niliyafanya nyumbani kwa mama, kijijini Kasikeu, tangu nilipokuwa nasomea ualimu. Nilichora kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni. Mama alikuwa akisonga ugali huku akiuliza hili jiwe ni la wapi na kwa nini lina tundu. Nilimweleza, akasikiliza vizuri sana, halafu akauliza swali lake la siku zote, lile analouliza kuhusu kila mahali duniani: "Na watu wa huko wanachota maji wapi?"

Ni lazima mumwelewe. Mto wetu ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Maji yako chini, na kuyapata ni kuyachimba. Kisima cha namna hiyo tunakiita kithima. Watu wengi hubahatisha, wanachimba hapa na pale mpaka mikono ichubuke. Mama alikuwa akishuka mtoni alfajiri, anavua viatu, anatembea pole pole juu ya mchanga, na mahali nyayo zake zikisikia baridi tofauti, anaweka kata yake chini na kusema, "Hapa." Wanawake wa jirani walikuwa wakimngoja. Sijawahi kuona akikosea.

Jambo lingine: mimi nilizaliwa binti wa pili, nikapewa jina la mama yake mama, kama ilivyo desturi yetu. Kwa hivyo mimi namwita Mwaitu, yaani mama, na yeye ananiita Mwaitu vilevile, kwa sababu ya huyo mama yake. Mgeni akitusikia hudhani tumechanganyikiwa. Tumeshazoea.

Macho yake yalianza kupungua bila sisi kujua. Kanisani alikuwa bado anafungua Biblia, anainamisha kichwa, anasoma kwa sauti pamoja na wengine. Kumbe alikuwa anasema kwa moyo. Siku alipomimina chai kando ya kikombe, mbele ya wageni, ndipo nikashtuka. Mimi na ndugu yangu mdogo tulimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akatuita pembeni. Akasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, lakini tumechelewa kuja.

"Kitabaki kwa muda gani?" nikauliza.

"Mwaka mmoja. Pengine miwili. Hakuna anayejua. Kama kuna kitu anataka kuona, mpelekeni akione."

Tulirudi nyumbani na Probox ya ndugu yangu, ile anayobebea maembe na ndengu, yenye harufu ya magunia hata ikioshwa. Nilikaa nyuma na mama. Nikamwuliza, "Mwaitu, kuna kitu unataka kuona?" Alikunja leso yake, akaikunjua. Halafu akasema, "Nipeleke kwa yale mawe yako. Yale ya ukutani."

Nililia kimya kimya huko nyuma. Ndugu yangu akaongeza sauti ya redio ili mama asisikie.

Sasa, mwalimu ni mwalimu. Nilinunua daftari, nikapiga mistari: uzuri wa miamba, usafi, chakula, umbali. Kila mahali pangepewa alama, na penye alama nyingi ndipo tungekuwa tukienda kila likizo mpaka macho yafunge. Nilitaka yafunge yakiwa yamejaa. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu mwaka mzima, na mtu asiniambie lilikuwa wazo baya.

Likizo ya Aprili tulianza na Mombasa yenyewe, pale kwenye miamba karibu na mnara wa taa, watu wanapokwenda jioni kula mihogo ya kukaanga. Mama alibeba mtungi wa plastiki wa lita ishirini, ule wa manjano, umejaa maji ya mvua kutoka tangi letu. Ndugu yangu alimwambia Mombasa kuna maji. Mama akamjibu, "Umeyachimba wewe?" Mtungi ukaingia garini.

Nilipoiona bahari nilisahau niko na nani. Nasema ukweli. Nilisimama pale ukutani, mawimbi yanapasuka chini kwenye jabali, na nikaona pango. Pango langu, lile la ubaoni, limekaa vilevile nilivyolichora. Nilicheka peke yangu. Baadaye nikakumbuka, nikageuka kumwonyesha mama, na nikamkuta amesimama na viatu mkononi, kiganja kimeegemea mwamba, macho ameyafumba.

"Mwaitu, tazama!"

Alifumbua, akatazama, akasema ni kukubwa kweli. Akakubali kula mhogo mmoja. Halafu akavaa viatu vyake, akasema, "Hapa, hapana."

Nikadhani ni kelele za watu. Nikaandika alama saba.

Agosti tukaenda Vuma, kule Kilifi. Sijui niseme nini kuhusu Vuma. Genge limesimama wima, mwamba mweusi na meno yake, na bahari inagonga mpaka unasikia ndani ya kifua. Niliandika tisa kabla hata hatujateremka garini. Mama aliuliza watu wa hapo wanachota maji wapi. Kijana mmoja mchunga mbuzi akamwonyesha bomba mbali kule. Mama akavua viatu. Akafumba macho. Akaanza kutembea kuelekea ukingoni, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Nilimrukia nikamshika mkono. Nilipiga kelele, na wanaonijua wanajua kelele zangu. Nilimwambia anataka kuniua kwa presha, nilimwambia nimeendesha watu mamia ya kilomita ili aone, si ili afumbe macho kama mtu anayeombea chakula. Ndugu yangu akasema pole pole kwamba aliyeendesha ni yeye. Nikamwambia anyamaze.

Mama hakukasirika. Aliuliza tu, "Ningeanguka?"

"Ungeanguka na ungekufa!"

"Basi hapa, hapana," akasema, na akarudi garini kwa utaratibu, akishika ubavu wa gari mpaka akaupata mlango.

Kabla hatujaondoka aliniomba nimjazie chupa ya soda maji ya bahari. Kwetu mtu hawezi kusema amefika Pwani bila ushahidi. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kina mama wa kanisa walipitisha ile chupa, kila mmoja akadondosha tone kiganjani na kulamba, wakakunja nyuso, wakasema kumbe ni kweli. Mzee mmoja alikataa katakata. Akasema mama ametia chumvi kwa mkono wake. Mama alicheka na hadithi hiyo wiki nzima, na mimi nikasema moyoni, kama hata chupa inamfurahisha hivi, anakataa nini huko?

Desemba tulikwenda Watamu. Miamba yake imekaa majini kama uyoga, chini imeliwa, juu ina majani. Maji ni kijani, ni buluu, ni rangi ambazo sina chaki zake. Wakati huo mama alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Ilibidi nigeuze kichwa chake kwa mikono yangu ili jiwe liingie kwenye tundu. "Umeliona?" "Nimeliona." "Na lile?" "Na lile." Tukaenda hivyo jiwe baada ya jiwe. Halafu akaniondoa mikono kwa upole, akavua viatu, akafumba macho, akatembea mchangani huku na huku muda mrefu.

"Ni pazuri," akasema aliporudi. "Ni pazuri tu, basi."

Hapo nilishindwa kujizuia. "Mwaitu, mkataa pema pabaya panamwita. Nimekupa Mombasa, nimekupa Vuma, nimekupa Watamu. Miaka yako yote umetazama mchanga wa Kasikeu. Unataka nini tena?"

Alifikiri. "Mwaitu," akaniambia, "wewe endelea kutafuta. Usichoke na mimi." Akasema kwa sauti ndogo sana, ya mtu anayeomba. Mama yangu haombi. Nilijiona mtu mbaya, na usiku ule nilichana ukurasa wa alama.

Aprili iliyofuata ndiyo ilikuwa mara ya nne. Ndugu yangu alisikia habari za mahali kusini ya Likoni kutoka kwa mtu anayemuuzia nazi. Sitapataja. Nikipataja mtapajaza, na mimi sina hamu ya kuona mahema yenu pale. Niseme tu kuna miamba myeusi ya matumbawe, mifupi, yenye mabonde madogo, na kati ya miamba kuna ufuo mwembamba wa mchanga. Kwenye jedwali langu pangepata tano, labda tano na nusu.

Tulifika asubuhi, maji yametoka yameacha mchanga mpana unaometa. Kulikuwa na joto. Mama akauliza mtungi wake utawekwa wapi usichemke. Basi tukafanya vile tunavyofanya nyumbani mtoni: ndugu yangu alichimba shimo kwenye mchanga mbichi, kwenye kivuli cha jabali, akauzika mtungi mpaka shingoni. Tukampongeza. Tukapanda juu kwenye miti, tukatandika leso, tukala chapati na mayai ya kuchemsha, tukasinzia.

Nilipoamka hakukuwa na mchanga. Jabali lilikuwa limezama nusu. Na mbali kule, mtungi wetu wa manjano ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, bila haraka yoyote.

Mimi. Mimi niliyefundisha kujaa na kupwa kwa maji miaka ishirini na miwili, niliyechora mwezi na dunia na mishale, niliyewachapa watoto kwa kuchanganya hivyo vitu viwili.

"Mtungi uko wapi?" mama akauliza, kwa sababu hakuweza kuuona.

"Unaenda India," ndugu yangu akasema.

Tulikuwa tunacheka mpaka tunalia alipotokea mwanamke mmoja wa hapo, Mdigo wa makamo, na kikapu cha majani ya mchicha kichwani. Alikuwa ameona yote. Alimsalimu mama kwa heshima, "Shikamoo, mama," na mama, kwa Kiswahili chake cha sokoni, akamjibu, "Mzuri sana." Yule mwanamke akacheka vizuri, bila dharau, akatuita kwake tukanywe maji. Namshukuru mpaka leo. Mama alipokea kikombe kwa mashaka, kama anavyopokea maji ya watu wote. Akanywa funda moja. Akalishika mdomoni. Akameza.

"Haya ni ya mchanga," akasema.

Mwanamke akashangaa. "Mama umejuaje? Sisi tunayachota pwani, chini ya yale majabali, maji ya bahari yakishatoka. Tamu kabisa. Njooni kesho asubuhi mtaona."

Sikuamini. Maji matamu, chini ya bahari ya chumvi? Hayo sikuyafundisha. Siku hiyo mama hakula vizuri, na kabla hakujakucha sawasawa alikuwa amekaa kitandani katika chumba tulichokodi, leso kichwani, ananingoja.

Maji yalipotoka tulishuka. Yule mwanamke alitaka kutuonyesha mahali. Mama akamwambia, "Ngoja kwanza." Akanipa viatu. Akafumba macho, na mara hii sikusema neno. Akaachilia mkono wangu. Alitembea kando ya miamba pole pole, kisigino, kidole, kisigino, kidole, namna nilivyomwona akitembea nilipokuwa mdogo nikisinzia pembeni ya mto. Mara alisimama. Akarudi nyuma nusu hatua. Akasugua mchanga kwa wayo.

"Hapa," akasema.

Mwanamke aliguna tu. Kisima chao kilikuwa hatua nne kutoka pale.

Mama akapiga magoti na kuchimba kwa mikono. Ndugu yangu alitaka kumsaidia, akafukuzwa. "Mwache," nikasema, "mtaka cha mvunguni sharti ainame." Maji yalikuja machafu, akayatupa, yakaja ya chumvi kidogo, akayatupa, ya tatu akayaacha yatulie. Akateka kwa kiganja, akanywa. Akanipa mimi. Yalikuwa baridi na matamu, na mgongoni mwangu bahari ilikuwa inanguruma.

"Hapa," akarudia, na uso wake ulikuwa kama wa msichana. Nikamwambia afumbue macho aone mahali alipopachagua. Akasema ngoja, bado ananywa.

Mwaka huu, kabla ya likizo ya Agosti, tundu la ufunguo lilifunga. Aliniambia asubuhi moja kwa simu, katikati ya habari za kuku: "Ile taa iliyobaki imezima." Akaendelea na kuku. Nilikaa ofisini kwa walimu nikashindwa kuingia darasani. Nilimpigia ndugu yangu, tukakubaliana safari ya likizo tuiache. Mtu asiyeona unampeleka baharini kufanya nini? Ni kumkumbusha tu alichopoteza. Tukasema tutamwambia taratibu.

Tulipofika Kasikeu kumwambia tulimkuta ameketi kwenye kiti nje ya mlango, amevaa gauni la kanisani. Kando yake kulikuwa na mtungi mpya wa manjano. Niliuinua ili niusogeze, na nikakaribia kuanguka, kwa sababu nilijiandaa kwa uzito na haukuwa na kitu. Maisha yangu yote sijawahi kumwona mama akisafiri na mtungi mtupu.

"Mwaitu," nikaanza, "tulikuwa tunafikiri, kwa vile sasa huoni..."

"Kwani nilikuwa natafuta pa kuona?" akasema. "Pa kuona mlinionyesha pengi. Asanteni. Yale mawe yako yote ninayo." Akagonga paji la uso kwa kidole. "Nilikuwa natafuta pa kwenda nikiwa hivi. Kule kwingine nilijaribu, nikafumba nikapotea. Kule kwa mtungi nilifumba sikupotea. Ndugu yako yuko tayari? Jua linapanda."

Ndugu yangu alikuwa tayari. Alikuwa amegeukia gari, anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Mwaka mzima nilimkasirikia kwa kufumba macho. Nilidhani anatupa alichobakiwa nacho, kumbe anajipima kwa siku kitakapokwisha. Nilikuwa na daftari na mistari, na yeye alikuwa na nyayo zake, na kati yetu wawili mimi ndiye sikuwa naona. Sina la kusema juu ya hilo ila kushukuru: kwamba hakuchoka, kwamba hakuniambia mapema nikaanza kumhurumia, kwamba aliniomba niendelee na mimi, na hasira zangu zote, niliendelea.

Asubuhi iliyofuata, kule kwa mtungi, tulimteremsha mpaka mchanga ulipoanza, tukamwacha. Yule mwanamke wa hapo alikuwa amekuja na ndoo yake. Wakasalimiana, na mara hii mama akajibu, "Marahaba," kwa majivuno makubwa. Alitembea peke yake. Alisimama, akapiga magoti, akachimba. Alipojaza kikombe aliita tunywe.

Nilipokuwa nakunywa akaniambia, "Sasa wewe. Vua viatu, fumba macho, uende mpaka pale kwenye jabali, halafu urudi kwangu."

"Mwaitu, mimi mtu mzima."

"Fumba."

Nilifumba. Nilikwenda hatua kumi, kumi na tano, nikijiamini kabisa, kisha sikujua tena jabali liko upande gani wala sauti ya maji inatoka wapi, na wimbi likanipiga magotini. Nilisikia ndugu yangu akicheka, na mama akimwambia anyamaze, asiniambie. Halafu nikasikia nyayo zikija mchangani, bila haraka. Mkono wake ukanipata kiwiko, mkono wenye mchanga na maji baridi.

"Njoo huku," akasema, na akanirudisha.